Usimamizi wa Vidhibiti Volteji katika Viendeshi vya Vifaa: Mfano wa Kituo cha Hali ya Hewa katika Mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza

Makala haya yanafafanua namna viendeshi vya vifaa katika kerneli ya Linux vinavyosimamia vidhibiti volteji, yaani saketi zinazopokea umeme wa betri au chanzo kingine na kuutoa ukiwa na volteji thabiti inayoifaa chipu. Mfano unaotumika ni kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa kinachoendeshwa kwa umeme wa jua katika mwalo wa wavuvi mkoani Mwanza. Kituo chenyewe ni cha kukisia, lakini sehemu zake ni za kawaida na tabia zake zinajulikana. Hoja inayojengwa ni kwamba kosa la kusahau kuzima umeme ni la hatari kuliko kosa la kuzima kupita kiasi. Kosa la kuzima kupita kiasi hutangazwa na kerneli papo hapo. Kosa la kusahau kuzima hupita kimya, na hasara yake hujitokeza usiku, wakati ambao vipimo vya ziwani vinahitajika zaidi.

Usiku wa ziwani na bajeti ya betri

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, ukubwa unaotosha kulifanya lijitengenezee hali yake ya hewa. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu ya mvua hujengeka kandokando. Usiku mwelekeo hugeuka. Hewa iliyopoa juu ya nchi kavu huteremka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, nayo hulazimika kupanda. Hii ndiyo sababu dhoruba kali za radi ziwani hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Saa hizo ndizo saa za kazi kwa wavuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa kwa mwanga wa karabai au taa za LED, na mwanga huo hufanya kazi vizuri zaidi katika giza la usiku usio na mbalamwezi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dagaa wanaofikishwa katika soko la Mwaloni Kirumba imevuliwa wakati uleule ambao dhoruba huweza kuzuka. Mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kati ya 2017 na 2021, ulilenga kuimarisha utoaji wa tahadhari za mapema katika bonde la ziwa hili, na rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliyoko Mwanza ilikuwa miongoni mwa nyenzo zake. Rada huona mvua kwa mbali. Shinikizo la hewa na kasi ya upepo karibu na uso wa maji vinahitaji kifaa kilichopo palepale.

Kifaa hicho hakina mtu wa kukiangalia. Chukulia kwamba kinatumia betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo kwa hesabu ya kawaida hubeba wati-saa 84. Betri ya aina hii hufupishwa maisha ikizoeshwa kushuka chini ya nusu, kwa hiyo zinazotumika kwa usalama ni wati-saa 42. Mwanza iko karibu na ikweta, na usiku wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Lakini wakati wa mvua paneli inaweza kutoa umeme kidogo mno kwa siku kadhaa mfululizo. Kituo kikitakiwa kuvumilia saa 72 bila jua, wastani wa matumizi yake yote hauwezi kuzidi wati 0.58. Namba hii ndogo ndiyo inayopaswa kuwa mbele ya mwandishi wa kiendeshi.

Kidhibiti chenyewe kama mtumiaji

Kabla ya programu yoyote kuandikwa, uchaguzi wa kidhibiti huamua mengi. Kidhibiti cha mstari hushusha volteji kwa kuigeuza tofauti kuwa joto. Kikitoa volti 3.3 kutoka volti 12 kwa mkondo wa miliampea 100, huchukua wati 1.2 kwenye betri, hutoa wati 0.33 zenye manufaa, na wati 0.87 hupotea. Bajeti ya kituo imekwisha kuvunjwa mara mbili, na hakuna mstari wa programu unaoweza kuirudisha. Kidhibiti cha kukatakata umeme, chenye ufanisi wa asilimia 85, hufanya kazi hiyohiyo kwa takriban wati 0.39.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Kidhibiti hutumia mkondo fulani hata kama hakuna kinacholishwa nacho. Vidhibiti vya zamani kama 7805, na AMS1117 inayoonekana katika bodi nyingi za bei nafuu, hutumia takriban miliampea 5. Kihisi cha shinikizo cha BMP280 cha Bosch, kinapopima mara moja kwa sekunde katika hali ya matumizi madogo, hutumia mikroampea 2.7. Maana yake ni kwamba kidhibiti hula zaidi ya mara 1,800 ya kile kinacholishwa. Katika hali kama hiyo, jitihada ya kukilaza kihisi bila kukizima kidhibiti ni sawa na kubana matone huku bomba likiwa wazi.

Aidha, 7805 na AMS1117 hazina pini ya kuziwasha na kuzizima. Bodi inayozitumia inaweza kuelezwa kwa kerneli kama yenye kidhibiti, kiendeshi kikaomba na kuachia umeme kwa utaratibu kamili, na hesabu zote zikawa sahihi, ilhali katika shaba hakuna kilichobadilika. Mtafiti anayepima ubora wa kiendeshi kwa kusoma hesabu za kerneli pekee atatoa matokeo mazuri ya kituo kitakachokufa siku ya pili ya mawingu.

Kiendeshi huomba, hakiamuru

Mfumo wa vidhibiti uliingizwa katika kerneli ya Linux kwenye toleo la 2.6.27 mwaka 2008, kwa kazi ya Liam Girdwood na Mark Brown. Wazo lake la msingi ni kutenganisha pande tatu. Upande wa kwanza ni kiendeshi cha kidhibiti chenyewe, kinachojua namna ya kubadili volteji ndani ya chipu ile. Upande wa pili ni kiendeshi cha mtumiaji umeme, kwa mfano cha kihisi. Wa tatu ni maelezo ya bodi, yanayotaja nani amelishwa na nini na mipaka ni ipi.

Mgawanyo huu una sababu nzito. Mwandishi wa kiendeshi cha kihisi hawezi kujua kihisi hicho kitafungwa katika bodi gani. Huenda katika bodi moja kinashiriki njia ya umeme na kadi ya kumbukumbu, na katika nyingine kiko peke yake. Kwa hiyo kiendeshi huomba kwa jina la pini yake tu. Kiendeshi cha BMP280 katika kerneli huomba njia mbili, vddd na vdda. Maelezo ya bodi ndiyo yanayounganisha majina hayo na kidhibiti halisi. Vivyo hivyo kwa volteji: mtumiaji hutaja kiwango cha chini na cha juu anachoweza kuvumilia, kwa mikrovolti, na kerneli hutafuta kiwango kinachowafaa wote walioungwa katika njia hiyo bila kuvuka mipaka ya bodi. Bodi isiporuhusu mabadiliko, ombi hukataliwa. Ukali huu ni wa lazima, kwa maana volteji iliyozidi huua chipu na chipu iliyokufa haifufuliwi kwa kuanzisha upya mfumo.

Kipo kipengele kinachowatatiza wanafunzi. Ikiwa maelezo ya bodi hayakutaja njia ya umeme, regulator_get haikatai. Hutoa kidhibiti cha bandia ili kiendeshi kiendelee, kwa kudhani kwamba pini imeungwa moja kwa moja na umeme usiozimwa. Kwa upande mwingine, regulator_get_optional hurudisha kosa. Wapo wanaochagua ya pili kwa kudhani kuwa ni ya tahadhari zaidi. Matumizi yake sahihi ni pale tu ambapo pini inaweza kuachwa bila umeme kabisa, mathalani pini ya volteji rejea ya nje wakati chipu ina ya ndani. Pini ambayo bila yake chipu haifanyi kazi haina hiari.

Hesabu ya maombi na kosa lisilo na sauti

Kwa kuwa njia moja huweza kulisha vifaa kadhaa, kerneli huhesabu maombi. Kila regulator_enable huongeza moja, kila regulator_disable hupunguza moja, na umeme hukatwa hesabu inapofika sifuri. Hivyo kuita regulator_disable hakumaanishi kwamba umeme umezimwa. Kunamaanisha kwamba mwombaji mmoja ameondoka.

Mwombaji akizima mara nyingi kuliko alivyowasha, kerneli huandika onyo kubwa kwenye kumbukumbu za mfumo, pamoja na mlolongo wa kazi zilizoitana. Kosa hilo hugunduliwa mezani siku hiyohiyo. Akiwasha mara nyingi kuliko anavyozima, hakuna onyo, kwani kwa mtazamo wa kerneli yeye ni mtu anayehitaji umeme. Onyo lake huja tu kiendeshi kinapoachia kidhibiti kwa regulator_put huku hesabu haijarudi sifuri, na katika kituo kilichofungwa juu ya nguzo, kiendeshi hakiondolewi kamwe.

Kosa hili huzaliwa zaidi katika njia za kushindwa. Kiendeshi huwasha umeme, huomba kipimo, kipimo kinashindikana kwa sababu kiunganishi kimeingia unyevu na kutu, na kazi inarudi mapema na namba ya kosa bila kupita katika mstari wa kuzima. Mezani, nyaya zikiwa kavu, njia hiyo haipitiwi hata mara moja. Ziwani hupitiwa usiku wa kwanza wa mvua, na kupitiwa mara moja kunatosha: hesabu imebaki juu kwa moja, na umeme hauzimwi tena.

Utaratibu wa kusimamia umeme wakati kifaa kinafanya kazi ulikuja kupunguza mzigo huu. Kiendeshi cha BMP280 huutumia: baada ya muda mfupi wa kutotumika hukata njia zake zote mbili, na kinapohitajika huziwasha, husubiri milisekunde chache chipu iamke, kisha huandika upya mipangilio yake kwa kuwa rejista zimefutika. Hata hivyo utaratibu huu nao una hesabu yake na mtego wake. Kazi ya pm_runtime_get_sync huongeza hesabu hata inaposhindwa kukiamsha kifaa, na viendeshi vingi vilirudi na kosa bila kuipunguza. Mwishoni mwa 2020 kerneli iliongezewa pm_runtime_resume_and_get, ambayo huirudisha hesabu yenyewe ikishindwa. Kiendeshi kipya hakina sababu nzuri ya kutumia ile ya zamani bila uangalifu wa pekee.

Kwa kihisi cha shinikizo, hasara ya kusahau inaweza kuwa ndogo ikiwa kidhibiti ni cha kisasa. Kwa modemu ni jambo jingine. Modemu ya GSM inaporusha data huvuta mikupuo ya hadi ampea 2, kila mmoja wa mikrosekunde 577, na volteji yake ikishuka chini ya takriban 3.4 hujizima. Kidhibiti kilichopimwa kwa wastani wa mkondo kitafaulu mchana na kushindwa alfajiri betri inapokuwa imechoka, yaani dakika ileile ambayo ujumbe wa kushuka ghafla kwa shinikizo ulipaswa kutoka. Wala modemu haifai kukatiwa umeme ghafla. Sharti itumiwe kwanza amri ya kujizima, ingojewe, ndipo regulator_disable iitwe.

Kuna uvujaji mwingine ambao hesabu haiuoni kabisa. Njia ya umeme ya kihisi inapozimwa huku nyaya zake za mawasiliano zikiwa bado zimevutwa juu na njia nyingine, mkondo hupenya kupitia diodi za ulinzi ndani ya chipu. Kihisi hubaki nusu hai, hakijazimika wala hakijawaka, na kikiwashwa tena huweza kukataa kujibu. Dawa yake ni ya ubunifu wa bodi: vikinzani vya kuvuta nyaya viungwe kwenye njia ileile inayozimwa.

Kwa hiyo majaribio ya kiendeshi cha kituo kama hiki huanzia kwenye kushindwa. Waya wa kihisi huchomolewa makusudi kipimo kikiendelea, hurudishwa, na tendo hilo hurudiwa mara kadhaa. Kisha kifaa huachwa kitulie, na faili la regulator_summary husomwa kuona kama hesabu ya kila njia imerudi ilipokuwa. Ameta iliyounganishwa kati ya betri na bodi husomwa kwa wakati huohuo, kwa kuwa faili hilo hueleza kile ambacho kerneli inaamini, na ameta hueleza kile ambacho betri inalipa.