Stendi ya Bweri na Haki ya Kutobaguliwa: Jinsi Lalamiko Linavyofika kwa Madiwani

Abiria anayeshuka Bweri akitokea Mwanza, Bunda au Sirari huiona stendi kuwa kitu kimoja, ilhali anahudumiwa na mamlaka kadhaa kwa pamoja. Nauli aliyolipa inasimamiwa na LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Bei ya maji ya bomba huidhinishwa na EWURA. Lakini kiwanja chenyewe, vyoo vyake, ushuru, uzoaji wa taka na ugawaji wa meza za wachuuzi ni mambo ya Halmashauri ya Manispaa ya Musoma. Lalamiko likipelekwa kusikohusika hupotea njiani, na mlalamikaji hudhani amepuuzwa.

Makala haya yanahusu yale yaliyo mikononi mwa Halmashauri, hususan pale mtumiaji anapohisi kwamba uamuzi uliotolewa umemtenga.

Chukulia kwamba meza za biashara zimegawiwa upya, na zote zimewekwa juu ya jukwaa lenye ngazi. Mama muuza karanga anayetumia kiti mwendo amepewa meza kama wenzake, kwa ushuru uleule. Akilalamika ataambiwa kwamba wote wametendewa sawa. Je, amebaguliwa?

Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote inayotekeleza madaraka ya nchi, na Halmashauri ni mojawapo. Ibara hiyo inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Katika mkoa kama Mara, wenye Wajita, Wakurya, Wazanaki, Wakwaya, Wajaluo na wengine wengi, maneno “kabila” na “mahali walipotokea” si pambo la sheria. Ulemavu haukutajwa kwa jina katika orodha hiyo, ila Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imeziba pengo: inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na inataka majengo na huduma za umma zifikike. Kwa hiyo jibu la “wote sawa” halitoshi. Meza isiyofikika ni sawa na meza ambayo hakupewa.

Hapa huzuka manung’uniko ya upande wa pili. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanaume aliyekwisha kuupita umri wa ujana huuliza kama yeye hajabaguliwa. La. Ibara ileile ya 13 inasema wazi kwamba hatua za makusudi zinazolenga kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Lakini kikundi chenye sifa kikinyimwa mkopo kwa sababu ya chama au kabila la wanachama wake, huo ni ubaguzi, hata kama fedha zenyewe zimetengwa kwa nia njema.

Safari ya lalamiko huanzia mtaani. Katika mkutano wa wakazi, mwenyekiti wa mtaa huongoza na mtendaji wa mtaa huandika. Mengi hufia hapo, kwa kuwa yalisemwa kwa uchungu lakini hayakuingia katika muhtasari. Mwombe mtendaji alisome lalamiko lako kama alivyoliandika kabla mkutano haujafungwa. Mkutano huendeshwa kwa Kiswahili. Bibi anayeweza kujieleza kwa Kijita au Kikwaya tu aombe mtu wa kumfasiria, wala asione haya.

Kutoka mtaani hoja hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Diwani ndiye huipeleka Halmashauri, ambako huchambuliwa katika kamati husika, kisha hufika Baraza la Madiwani. Baraza hukutana kwa kawaida kila robo mwaka. Mikutano yake iko wazi kwa wananchi, ingawa msikilizaji hana haki ya kuchangia. Kama jambo linahitaji sheria ndogo, mathalani viwango vipya vya ushuru, wakazi hutangaziwa nia hiyo na kupewa nafasi ya kutoa pingamizi. Pingamizi la wakati huo lina uzito kuliko kelele za baada ya tangazo kutoka katika Gazeti la Serikali.

Tunza risiti zako za ushuru. Wachuuzi wawili wenye meza za aina moja wakitozwa viwango tofauti, karatasi hizo mbili zitasema zaidi ya mashahidi kumi.

Hoja ikikwama, mwandikie Mkurugenzi wa Manispaa barua, ukiomba nakala ya uamuzi na sababu zake. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Jibu la kukataa nalo ni kielelezo, usilichane.

Mwenye kubaguliwa anaweza pia kuiandikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo huchunguza malalamiko dhidi ya mamlaka za umma bila malipo. Mahakama Kuu, yenye kanda yake Musoma, ndiyo husikiliza mashauri ya haki za msingi. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la aina hiyo aeleze jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mama wa karanga anaweza kufungua kwa jina lake mwenyewe. Asiyemudu wakili aulize kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, aende na muhtasari, risiti na barua zake zote.