Kinu cha Upepo Kimo Ungoni

Mama wa Kisarawe akishatwanga mpunga, kazi yake haijaisha. Hutoa mchele na makapi kinuni, akavitia kwenye ungo, akasogea uwanjani penye upepo, kisha akaanza kupepeta. Punje nzito hurudi ungoni. Makapi mepesi hupeperushwa. Lugha yetu yenyewe inashuhudia: upepo, pepea, pepeo na pepeta ni maneno yanayosikika kama ndugu. Anayeuliza kama watu wa Pwani tuliwahi kuuajiri upepo katika kuandaa nafaka, na aanze kwa kuutazama ungo.

Kinu cha upepo kwa maana ya jengo ni kitu kingine. Hapo upepo husukuma matanga, matanga yakazungusha mhimili, mhimili ukazungusha jiwe la kusagia au mtambo wa kuvuta maji. Vinu vya mwanzo kabisa tunavyovijua vizuri vilikuwa Sistan, mpakani mwa Iran na Afghanistan ya leo. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad wa karne ya 10, aliviandika. Na huyo huyo alisafiri baharini hadi pwani yetu, akafika Qanbalu, mji ambao wataalamu wengi wanadhani ulikuwa Pemba. Kwa hiyo habari za vinu hivyo zilikwishawafikia watu waliosafiri katika bahari hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mbona basi wazee wetu, mabingwa wa tanga baharini, hawakulitia tanga kwenye kinu? Naona majibu yamo katika upepo wenyewe. Sistan huvuma upepo mkali wa upande mmoja kwa takriban siku 120 za kiangazi. Vinu vya huko vilisimamishwa kati ya kuta zilizoelekea upande huo tu. Kwetu, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi ikaja kutoka upande mwingine. Kinu cha kuta zisizogeuka kingekosa kazi sehemu kubwa ya mwaka.

Jibu la pili ni la hesabu. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara 8, ikipungua nusu, hubaki sehemu moja tu ya 8. Upepo uliotoka baharini ukifika bara, ukapita kwenye miti, vilima na nyumba, kasi yake hupungua. Ndiyo maana chombo kinachokwenda vizuri baharini hakituhakikishii kwamba kinu kingezunguka Kibaha au kwenye mabonde ya Pugu.

Wazungu walilitatua tatizo la mwelekeo kwa kutengeneza vinu ambavyo vichwa vyake, au jengo zima, hugeuzwa kuukabili upepo. Kijiji cha Kinderdijk, Uholanzi, kina vinu 19, vingi vilivyojengwa karibu na mwaka 1740 ili kuvuta maji kwenye ardhi iliyo chini. UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997, na baadhi ni makumbusho ambayo mgeni anaingia. Lakini funzo kubwa lilikuja mwaka 2017, pale UNESCO ilipoutambua pia ufundi wa waendesha vinu wa nchi hiyo. Ilieleweka kwamba kinu kisicho na mtu anayejua kukiendesha ni mbao tu.

Kwetu, siku hizi mahindi tunayapeleka mashineni kukobolewa na kusagwa. Hata humo upepo upo: katika mashine nyingi, feni hupuliza unga kupitia bomba hadi mahali unapokusanywa. Kasi imeongezeka, na ni neema kwa mabega ya mama zetu. Lakini mkono unaojua kurusha ungo na kutenga chenga na mchele haufundishwi na mashine.

Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe anayetaka kuwapeleka wanafunzi kwenye makumbusho hana haja ya kwenda Uholanzi. Kijiji cha Makumbusho kipo Dar es Salaam, na humo nyumba za jadi za makabila ya Tanzania zimejengwa ili tuzione. Waende. Wakirudi, wamwombe bibi awape ungo, kinu na mchi, nao watwange na kupepeta mpaka wajue.

Ungo uliotundikwa ukutani ni pambo. Ungo ulio mkononi mwa mtoto anayefundishwa ndio urithi, nasi tunao wajibu wa kuuhifadhi kabla bibi hajaondoka nao.