Saa ya Simu na Saa ya Mzee wa Mutuka

Mzee mmoja wa Mutuka, mjini Babati, aliniuliza kwa nini simu yake inadanganya. Alikuwa ametaka kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la Arusha, alikokuwa na miadi ya kutibiwa macho. Usiku akaandika 11:00 kwenye sehemu ya kengele. Simu ikalia saa tano asubuhi, basi limekwisha ondoka zamani.

Simu haikuwa na hitilafu, wala mzee hakukosea. Kompyuta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Katika nchi iliyo karibu na Ikweta hesabu hiyo ina mantiki, kwani macheo hayabadiliki sana mwaka mzima. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita.

Saa ya mishale ilificha tofauti hiyo kwa uungwana. Mshale mfupi ukielekea 7, tunasoma tarakimu iliyo upande wa pili, yaani 1. Kioo cha simu hakina upande wa pili.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Kenneth Craik wa Cambridge alieleza kwamba akili hujijengea mfano mdogo wa ulimwengu na kuutumia kubashiri yatakayotokea. Donald Norman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aliihusisha fikra ya namna hiyo na vyombo vya kila siku: mtumiaji haoni mawazo ya msanifu, huona chombo tu. Picha zao mbili zisipolingana, makosa hayaepukiki, na kwa kawaida lawama humwangukia mtumiaji.

Mfano wa kinyume tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Washiriki wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe. Wabunifu wakawafuata: huduma iliyozinduliwa Machi 2007, na kufika Tanzania mwaka 2008, ilisimama juu ya wazo la kutuma fedha nyumbani, jambo ambalo watu walikwisha lizoea kwa kumkabidhi dereva wa basi bahasha.

Je, kengele ya Kiswahili ingekuwaje? Programu ingeuliza saa, kisha wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, hesabu ya sita ifanywe na mashine. Lakini mwanafunzi atakayejaribu kuiandika ajihadhari. Saa nane usiku wa kuamkia Jumapili kwa kalenda ni Jumapili tayari, ilhali wengi wetu bado tunauita usiku wa Jumamosi. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, ampe simu bibi yake, anyamaze, na atazame kidole chake kinakwenda wapi.

Mzee alipata miadi mingine baada ya miezi miwili. Safari hiyo alimwomba kijana wa jirani amgongee mlango.