Kwamkoro: Si kila kilichoanguka ni taka

Dhoruba ikishapita Usambara Mashariki, kazi ya kwanza ni kufungua njia. Gogo lililolala barabarani Kwamkoro, wilayani Muheza, likatwe na kusukumwa kando, wachumaji wa chai wapite na watoto waende shule. Hilo halina mjadala. Mjadala unaanza hatua chache ndani ya msitu.

Mti mkubwa ukianguka huacha pengo, na jua linafika chini ambako halikuwa likifika. Miche ya musizi huipenda sana nafasi hiyo. Mti huu, Maesopsis eminii kwa jina la kitaalamu, asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati hadi kandokando ya Ziwa Victoria. Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902 ndio walioufikisha milimani humu. Baadaye ulipandwa Kwamkoro kuziba nafasi za miti iliyovunwa kwa mbao. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakazisambaza mbegu hadi kwenye misitu ambamo hakuna aliyeupanda.

Kwa hiyo anayejitolea kusafisha msitu kwa kuondoa mti huu mgeni hana budi kwanza kujua anachong'oa. Mche wa musizi una majani yenye kingo za meno meno. Wa msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, una majani manene, kingo laini, yaliyopangana mawili mawili. Panga la haraka haliwezi kuitofautisha. Mkono unaweza, hasa baada ya mvua udongo ukiwa laini: unashika mche chini kabisa, unauvuta na mizizi yake, unakung'uta udongo.

Kishawishi ni kufyeka kila kitu paonekane pasafi. Lakini msitu si uwanja wa nyumba. Ukiangusha misizi yote mikubwa kwa mkupuo, unaongeza jua, na klidemia, kichaka cha Amerika chenye majani ya manyoya na vitunda vya buluu iliyokoza, kinatanda kabla mche wa asili haujainuka. Afadhali kupunguza kidogo kidogo, huku miti ya asili kama mtambaa na msambu ikikua chini ya kivuli. Magogo yasiyoziba njia yaachwe yaoze. Humo huishi kuvu, wadudu na vyura, na udongo hurudishiwa rutuba.

Msitu wa Kwamkoro uliunganishwa na mingine mwaka 1997 kuunda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Maji ya mto Zigi yanayotoka milima hii ndiyo yanayonywewa Tanga mjini, kwa hiyo msaragambo huu si wa wanakijiji peke yao.

Ukitaka kushiriki, usiingie na panga lako kivyako. Anzia kwa maofisa wa hifadhi wakuonyeshe miche, kisha rudi kwenye pengo lile lile msimu ujao. Magugu hayaishi kwa siku moja ya kujitolea.