Mshipa, Msuli na Konzo: Utafiti wa Désiré Tshala-Katumbay

Neno «mshipa» katika Kiswahili hutaja njia ya damu na pia njia ya fahamu. Utata huo una madhara tunapoeleza konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla na kuacha ulemavu wa kudumu. Jina hilo ni la Kiyaka, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huu kutoka Kwango mwaka 1938.

Tshala-Katumbay, daktari aliyesomea Kinshasa, kisha Uppsala nchini Uswidi, aliufanya konzo kuwa kazi yake ya utafiti. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kusisimua ubongo wa wagonjwa kwa umeme ili kupima ujumbe unaofika kwenye misuli. Hitilafu imo katika njia za fahamu zitokazo ubongoni. Msuli hukakamaa kwa sababu amri haiufikii sawasawa. Mwaka 2013, pamoja na Michael Boivin na wengine, alionyesha kwamba konzo huathiri hata uwezo wa akili wa watoto.

Chanzo kinachohusishwa nao ni sianidi ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa kwa mlaji aliyepungukiwa na protini. Tiba ya kuuondoa haipo, ila kinga ipo: kuloweka muhogo siku kadhaa, au kulowanisha unga na kuutandaza mwembamba saa 2 juani.

Basi anayefasiri ushauri wa afya kwa wakazi wa Opala, walaji wa muhogo, aseme «mshipa wa fahamu». Aaminiye kwamba ugonjwa umo msulini atakanda miguu, na sumu itabaki ndani ya unga.