Riba ya Benki Kuu ndani ya benki zisizotoza riba

Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera ya fedha kwa kulenga ujazi wa fedha, ikaanza kutumia Riba ya Benki Kuu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Mabadiliko hayo yanatakiwa kumfikia mfanyabiashara kupitia benki yake. Je, kama benki hiyo ni Amana, iliyoanza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya sharia ya Kiislamu?

Tuseme mwenye duka Kariakoo anataka vitambaa vya shilingi milioni 40. Kwa murabaha, benki inavinunua, kisha inamuuzia kwa milioni 46, alipe kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Bei ikishaandikwa haiguswi, hata Kamati ya Sera ya Fedha ikutane mara ngapi. Anayeguswa ni mteja wa kesho, kwa kuwa benki hupanga faida yake ikiwatazama washindani wanaotoza riba.

Kwenye akiba za wateja mambo ni magumu zaidi. Mwenye akiba ya mudharaba hapewi riba, hupewa fungu la faida. Benki nyingine zikipandisha riba za akiba huku faida ya mikataba ya zamani ikiwa palepale, baadhi ya wateja wataanza kuhama. Ili kuwazuia, benki hulazimika kumega fungu lake iwaongezee. Sera inafika, ila inachelewa.

Kinachonisumbua zaidi ni ukwasi. Benki Kuu huvuta na kuingiza fedha sokoni kwa mikataba ya repo, yaani ya kuuziana dhamana kwa ahadi ya kuzinunua tena, inayoegemea dhamana za Serikali zenye riba, na hapo benki ya Kiislamu haiingii. Ikiwa na ziada, inakosa pa kuiweka kwa siku chache. Ikipungukiwa, inakosa pa kukopa kwa usiku mmoja. Malaysia, ambako Bank Islam ilianza mwaka 1983, walilishughulikia hili mapema: Januari 1994 walifungua soko la fedha la Kiislamu, benki zikiwekeana fedha kwa mudharaba.

Kwetu, KCB Tanzania iliuza sukuk, yaani hati za uwekezaji za Kiislamu, mwaka 2022. Ni hatua njema, lakini hati ya kampuni ya miaka kadhaa haizibi pengo la usiku mmoja. Hati za muda mfupi zinazosimama juu ya mali halisi zinapaswa kutoka Benki Kuu yenyewe, na tangu benki ya CRDB ifungue dirisha lake la Kiislamu la Al Barakah mwaka 2021, wanaozihitaji wameongezeka.