Mwendo wa Damu katika Ateri za Ubongo, na Maneno ya Kuuelezea

Neno mshipa lina kazi nyingi katika lugha yetu. Kwalo twataja njia ya damu, neva, hata ukano. Na wengi hulitumia pia kwa maradhi ya ngiri. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huu wa maana hauna madhara. Lakini tabibu amwambiapo mgonjwa kwamba ana mshipa uliovimba kichwani, huyo aweza kudhani ana saratani, au ana maumivu madogo ya kukandwa. Kumbe ugonjwa wenyewe si huu wala si ule.

Kinachokusudiwa ni ateri ambayo ukuta wake umedhoofu mahali pamoja, ukatuna kama kifuko. Wataalamu hukiita anurizimu, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya kupanuka. Yakadiriwa kwamba watu wazima 3 hivi katika kila 100 wanacho, na wengi wao hakiwadhuru kamwe. Lakini kikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na wengi hufa. Kukitibu nako kuna hatari yake. Basi swali ni hili: kifuko kipi kitapasuka, na kipi kitatulia?

Wakazi wa uwanda wa kati waweza kuifahamu hoja hii kwa kuutazama mto Kinyasungwe, ambao hukauka wakati wa kiangazi na kujaa ghafula mvua zinyeshapo. Penye kona maji huutafuna ukingo wa nje, na upande wa ndani huzembea na kuacha mchanga. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe. Damu nayo, ifikapo penye panda za ateri, hupiga kwa nguvu mahali hapa na kuzembea mahali pale. Ila ukuta wa ateri si udongo: una seli hai zinazohisi mkwaruzo wa damu, na imeonekana kwamba mkwaruzo uliozidi waweza kuudhuru, na ulio hafifu mno vilevile.

Milinganyo ya mwendo wa vimiminika iliandikwa na Navier, Mfaransa, mwaka 1822, ikakamilishwa na Stokes mwaka 1845. Ni ileile kwa mto na kwa damu, ingawa mnato wa damu hupita ule wa maji mara 3 au 4. Katika umbo lenye mapindi kama ateri haikokotoleki kwa mkono. Kwa hiyo mishipa ya mgonjwa hupigwa picha, umbo lake likachorwa ndani ya kompyuta na kukatwa vipande vidogo mno, pengine mamilioni. Kisha kasi na shinikizo hutafutwa katika kila kipande, tangu pigo moja la moyo hata lifuatalo.

Hata hivyo, kielelezo si mshipa wenyewe. Unene wa ukuta hauonekani vema pichani, na kiasi cha damu iingiayo mara nyingi hukisiwa. Mwaka 2018 vikundi zaidi ya 20 vilipewa picha za vifuko 5 vya mgonjwa mmoja, na majibu yao yakatofautiana.

Mjini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, imo katika eneo la Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, ambako hufundishwa hisabati, kompyuta na Kiswahili pia. Tabibu, mwanahisabati na mwanaisimu ni majirani. Wanachohitaji ni msamiati mmoja. Neno presha, lililoenea kwa watu, lataja nguvu inayousukuma ukuta kwa nje; haliitaji ile inayouburura kwa kuufuata. Twapendekeza hii ya pili iitwe mkwaruzo, na ugonjwa uitwe kifuko cha ateri, si uvimbe. Mgonjwa atakiwaye kuamua kama apasuliwe au angoje hana budi kulijua vema jambo analoliridhia.